Sanduku la Fundi: Meza ya Kazi ya Elektroniki Nyumbani Mwetu

Katika nyumba nyingi za miji yetu yupo kijana mmoja asiyeweza kuona redio imeharibika akainyamazia. Huichukua, huifungua, hutazama ndani, hugusa hapa na pale. Mara nyingine hufaulu, na jamaa wote humsifu. Mara nyingi zaidi hafaulu: skrubu moja hupotea chini ya kitanda, waya mmoja hukatika, na ile redio iliyokuwa mgonjwa sasa imekufa kabisa. Hapo baba hukasirika, mama hulalamika juu ya vyuma vilivyotawanyika pale watoto wadogo wanapotambaa, na kijana hukatazwa kugusa kitu chochote tena.

Tukitaka kuhukumu kwa haki, tutaona ya kuwa pande zote mbili zina haki yake. Wazazi wana haki kulinda nyumba na watoto. Kijana naye ana haki kutaka kujua. Asichokuwa nacho si akili. Amepungukiwa na vitu viwili ambavyo kila fundi wa kweli anavyo: mahali pa kazi palipo pake, na umeme wa kutegemewa.

Leo twataka kuwaeleza namna ya kupata vyote viwili katika nyumba ya vyumba viwili tu, pasipo kujenga karakana, na pasipo kungoja umeme wa mjini urudi. Dawa yake ni sanduku moja la mbao. Likifungwa, husimama pembeni mwa ukuta kama sanduku la nguo. Likifunguliwa, ni meza kamili ya kazi ya elektroniki, yenye taa yake, vyombo vyake na umeme wake.

Jambo hili latuhusu sisi

Kwanza tuseme maana ya neno. Elektroniki ni ufundi wa kuuongoza umeme mdogo mdogo ili ufanye kazi inayofanana na kazi ya akili: kusikia, kupima, kuhesabu, kukumbuka, kuamuru. Umeme mkubwa huzungusha kinu na kupika chakula. Umeme mdogo hufanya simu iseme, na saa ihesabu dakika.

Labda mtauliza: Mambo hayo ya viwanda vya mbali yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Uzi ule unaoyeyushwa ili kuunganisha vipande vya redio hutengenezwa kwa bati, na bati huchimbwa Bisie, katika Walikale. Ndani ya simu mna vipande vidogo sana vya kuweka akiba ya umeme, vilivyotengenezwa kwa tantalamu, na tantalamu hutoka katika koltani, kama ile ya Rubaya katika Masisi. Kobalti iliyomo katika batri nyingi za simu hutoka zaidi Kongo kuliko nchi nyingine yoyote ya dunia, hasa upande wa Kolwezi. Shaba ya nyaya yajulikana Katanga tangu zamani za mababu. Na Manono ina lithiamu nyingi ardhini.

Basi, mawe hayo huondoka kwetu kwa magunia na kwa malori, kisha hurudi yamekuwa simu, redio na kompyuta, nasi huzinunua kwa bei kubwa. Zikiharibika, hatuna wa kuzifungua. Kati ya jiwe linaloondoka na chombo kinachorudi yapo maarifa, na maarifa hayachimbwi kwa sururu. Hupatikana kwa kusoma na kwa kutia mkono kazini. Sanduku tutakaloeleza ni hatua ya kwanza ndogo katika safari hiyo. Tusiidharau kwa sababu ni ndogo.

Sanduku lenyewe

Seremala yeyote wa mtaa aweza kulitengeneza kwa siku moja, na kijana mwenye msumeno na juhudi aweza kulitengeneza mwenyewe. Vipimo vinavyofaa ni hivi: upana sentimita 50, kimo sentimita 35, kina sentimita 20. Mbao ziwe za plaiwudi yenye unene wa milimita 9 au 12. Likizidi ukubwa huo, halitabebeka tena. Likipungua, mikono haitapata nafasi.

Upande wa mbele ufungwe kwa bawaba chini, ili ukifunguliwa ulale na kuwa meza. Mnyororo mwembamba au kamba mbili imara ziushike usianguke. Juu ya ubao huo gundisheni kigae kimoja cha sakafu, kile cha udongo uliochomwa. Kazi ya moto itafanyika juu ya kigae hicho, wala si juu ya mbao. Kigae hakiungui.

Ndani, gaweni sanduku vyumba vitatu. Chumba cha chini ni cha batri, kwa maana ni kitu kizito, na uzito ukiwa chini sanduku halipinduki. Mtoboe matundu machache pembeni mwa chumba hicho, hewa ipite. Batri ikichajiwa kupita kiasi yaweza kutoa hewa inayoshika moto. Chumba cha katikati ni cha ubao wa umeme, wenye swichi na matundu ya kutolea umeme, nao umwelekee mfanyakazi. Chumba cha juu ni cha visanduku vidogo vya vipande. Viberiti vikubwa vitupu vikigundishwa pamoja hufanya droo nzuri, wala havigharimu kitu.

Vyombo vya mkono vitundikwe ukutani mwa sanduku, kila kimoja mahali pake. Tena chukueni kalamu, mchore umbo la kila chombo pale kinapotundikwa. Jioni, kabla ya kufunga, jicho litaona mara moja umbo lisilo na chombo chake, na kijana atakitafuta kabla mtoto hajakiokota. Huu ni utaratibu wa karakana kubwa, nao hautaki fedha.

Mwisho, mshikio imara juu, na kufuli ndogo mbele. Kufuli hiyo si kwa ajili ya wezi tu. Ni kwa ajili ya wadogo wasiojua moto wala sumu.

Umeme ndio roho ya sanduku

Sasa twafika kwenye jambo kubwa. Wakati wa kazi, sanduku hili haliunganishwi na umeme wa ukutani. Lina umeme wake, volti 12 tu. Sababu ni mbili.

Sababu ya kwanza ni uhai. Umeme wa ukutani, wenye volti 220, huua. Volti 12, zikiguswa kwa mkono mkavu, mtu hazisikii. Anayejifunza hukosea, na yafaa akosee pale ambapo kosa halimpeleki kaburini.

Sababu ya pili ni uhuru. Mitambo ya Inga ilianza kazi mwaka wa 1972, na ya pili mwaka wa 1982. Lakini hata leo Wakongo walio na umeme nyumbani hawafiki robo ya watu wote. Tena hao walio nao wajua jinsi unavyokatika pasipo kubisha hodi. Fundi asiyeweza kufanya kazi mpaka umeme urudi, siku zake nyingi hupotea bure.

Batri inayofaa kwa kuanzia ni ile iliyozibwa kabisa, ya volti 12 na ampea-saa 7. Ni batri ileile iwekwayo ndani ya vyombo vya kulinda kompyuta umeme ukikatika, kwa hiyo yapatikana katika miji yote mikubwa. Uzito wake wazidi kilo 2 kidogo. Batri ya pikipiki haifai sana, kwa maana imeundwa kutoa nguvu kubwa kwa nukta chache tu, si kutoa kidogo kidogo kwa saa nyingi.

Je, batri hiyo yatosha? Tuhesabu pamoja, kwa maana fundi asiyehesabu ni mbahatishaji. Volti 12 mara ampea-saa 7 ni wati-saa 84. Lakini batri ya namna hii ikinywewa yote kila siku hufa upesi. Yafaa tuchukue nusu tu, yaani wati-saa 42. Sasa tazameni matumizi ya jioni moja. Taa ya LED ya wati 5 kwa saa 3: wati-saa 15. Chuma cha kulehemu cha wati 30 kwa nusu saa: wati-saa 15. Bodi na vipande vya majaribio, wati 1 kwa saa 3: wati-saa 3. Jumla ni 33. Zimebaki 9, nazo zitafidia ule umeme unaopotea njiani. Yatosha.

Kesho yake, paneli ya jua ya wati 20 itairudishia batri nguvu yake. Saa nne za jua kali zatoa wati-saa 80 kwenye karatasi, na labda 50 katika batri yenyewe. Nazo ni zaidi ya tulizotumia. Lakini msiunganishe paneli na batri moja kwa moja. Katikati wekeni kidhibiti cha kuchaji, kile kinachozuia batri isijazwe kupita kiasi, nacho kiwe cha batri zilizozibwa.

Baada ya batri, kitu cha kwanza kabisa ni fyuzi ya ampea 5, nayo ikae karibu sana na upande wa chanya wa batri. Msiseme: Volti 12 haziui, fyuzi ya nini? Batri ndogo kama hiyo, nyaya zake mbili zikigusana, yaweza kutoa umeme mwingi mara moja hata waya ukawa mwekundu kama kaa na kuunguza mbao. Volti 12 hazimwui mtu kwa kumgusa, lakini zaweza kuichoma nyumba anamolala. Sanduku lisilo na fyuzi lisikubaliwe nyumbani hata siku moja.

Baada ya fyuzi, swichi kubwa ya kuzima vyote. Kisha umeme ugawanyike njia tatu. Njia ya kwanza yaenda kwenye taa na chuma cha kulehemu, navyo vyote viwili vinunuliwe vya volti 12. Njia ya pili yapita katika bodi ndogo ya kushusha volti, kama ile yenye kipande kiitwacho LM2596, itoe volti 5. Zamani watu walitumia kipande kiitwacho 7805. Hicho hushusha volti kwa kuzigeuza joto: tukitaka ampea moja ya volti 5 kutoka volti 12, wati 5 zafanya kazi na wati 7 zapotea kwa kuchemsha kipande chenyewe. Kwa mtu mwenye batri ndogo, hasara hiyo haivumiliki.

Njia ya tatu ni mwalimu wa sanduku. Ni bodi ya kushusha volti yenye skrubu mbili: moja ya kuchagua volti, nyingine ya kuchagua ampea zisizoruhusiwa kupitwa. Mwanafunzi akijaribu kazi mpya aiweke ampea 0.1 tu. Hapo hata akikosea, mlango ni mwembamba, umeme mwingi haupiti, na kipande hakiungui. Ataona volti zimeanguka, atazima, atatafuta kosa lake kwa utulivu. Bodi hiyo moja huokoa fedha nyingi za vipande.

Vyombo vya lazima

Msinunue vyombo vingi. Vitano vyatosha kwa mwaka wa kwanza.

1. Kipimo cha umeme, kiitwacho multimita. Hupima volti, ampea na omu, tena hulia kikikuta njia ya umeme ni nzima. Jihadharini: ncha nyekundu ikiwa imechomekwa mahali pa ampea, msiguse batri nayo ili kupima volti. Ni sawa na kuunganisha ncha mbili za batri kwa waya mtupu.

2. Chuma cha kulehemu pamoja na kikalio chake. Ncha yake hufika digrii 350 hivi, kwa hiyo kamwe kisilazwe mezani. Kikalio kifungwe kwa skrubu juu ya kigae.

3. Koleo mbili ndogo, moja ya kushikia na moja ya kukatia.

4. Bisibisi za ukubwa mbalimbali.

5. Kibao cha matundu. Hiki ni kibao cha plastiki chenye matundu mengi, umbali wa milimita 2.54 kutoka tundu hata tundu, na chini yake vipo vibanio vya chuma. Vipande huchomekwa na kuchomolewa pasipo moto wala gundi. Zamani wapenzi wa redio walipigilia vipande vyao juu ya ubao wa jikoni wa kukatia mkate, na hata leo jina la Kiingereza la kibao hiki bado lautaja mkate. Kwa hiyo msione haya kuanza kwa vitu vya jikoni.

Ubongo wa kazi

Mwaka wa 2005, katika mji wa Ivrea, Italia, walimu wachache, mmoja wao Massimo Banzi, waliona taabu ya wanafunzi wao. Wanafunzi hao walisomea usanifu, si umeme, na vyombo vya kufanyia majaribio vilikuwa vya bei ghali. Basi walimu wakatengeneza bodi ndogo ya bei nafuu wakaiita Arduino. Tena michoro yake hawakuificha: waliitoa hadharani ili kila mtu aweze kuitengeneza. Ndiyo sababu bodi hizo zimeenea duniani kote.

Bodi iitwayo Arduino Uno ina njia 14 za kuamuru na kusikiliza, na njia 6 za kupima volti. Kumbukumbu yake ni ndogo sana ukiilinganisha na simu, lakini kazi yake si kuonyesha picha. Kazi yake ni kufanya jambo moja, kwa utii, usiku na mchana. Kompyuta huandikia amri, huzipeleka kwa waya, kisha bodi huzikumbuka hata kompyuta ikiondolewa. Asiye na kompyuta asikate tamaa: simu nyingi za Android, zikiunganishwa kwa waya wa OTG, zaweza kuandika amri hizo na kuzipeleka.

Atakayeendelea mbele atataka kompyuta ndani ya sanduku lenyewe. Kwa hiyo ipo Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwezi wa Februari 2012, kompyuta kamili juu ya bodi ya milimita 85 kwa 56. Lakini pamoja na kioo kidogo yaweza kula wati 10. Kwa saa 3 ni wati-saa 30. Rudini kwenye hesabu yetu: batri ya ampea-saa 7 haitatosha tena, itabidi kubwa zaidi. Haraka ya nini? Mwanzo mwema ni bodi ndogo.

Kazi tatu za kuanzia

Kazi ya kwanza: kuwasha taa moja ndogo ya LED nyekundu kwa amri ya bodi. Bodi yatoa volti 5, taa yataka volti 2 hivi. Zimebaki 3. Tukizipeleka zote kwa taa pasipo kizuizi, taa itaungua. Hivyo twaweka resista ya omu 220, yenye mistari nyekundu, nyekundu na kahawia. Kwa kanuni aliyoitangaza Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka wa 1827, volti 3 gawanya kwa 220 ni ampea 0.0136, yaani mili-ampea 14 hivi. Njia ya bodi haifai kutoa zaidi ya 20. Basi taa salama, bodi salama. Mwanafunzi aliyefanya hesabu hiyo na kuiona ikiwaka mbele ya macho yake hataisahau kanuni ya Ohm mpaka mwisho wa maisha yake. Ni nani kati yetu aliyeikariri ubaoni asiisahau?

Kazi ya pili: kulifanya sanduku lijilinde. Bodi haiwezi kupima zaidi ya volti 5, nayo batri ina 12. Twagawanya kwa resista mbili, moja ya omu 20,000 na moja ya omu 10,000, zikifuatana. Bodi ikipima juu ya ile ndogo itaona theluthi moja tu: volti 12 zitaonekana 4, na hata batri inapochajiwa, ikiwa na volti 14.4, zitaonekana 4.8. Sasa tuiambie bodi: Batri ikishuka hadi volti 12.2, chuma cha kulehemu kikiwa kimezimwa, piga kengele. Kwa maana batri iliyojaa, ikiwa imepumzika, huonyesha volti 12.7 hivi au zaidi, na karibu na 12.2 imebaki nusu. Hivyo kazi ya mikono ya kijana itarefusha maisha ya batri aliyonunuliwa na wazazi wake.

Kazi ya tatu iwe ya faida kwa jamaa yote, nanyi wenyewe mwichague. Mayai ya kuku, ili yaanguliwe pasipo mama, yataka joto la digrii 37.5 kwa siku 21; bodi na kipima-joto kidogo vyaweza kulinda joto hilo usiku kucha. Au kengele ya kuonya kwamba tanki la maji limejaa. Au taa ya ngazi inayojiwasha giza likiingia. Jambo kubwa ni kwamba mama na baba waone kwa macho yao faida ya lile sanduku lililo pembeni.

Maonyo ya lazima

Wazazi, sehemu hii ni yenu pia. Isomeni pamoja na watoto wenu.

Uzi wa kulehemu wa kawaida huwa na risasi ndani yake pamoja na bati. Huyeyuka kwenye digrii 183 na zaidi kidogo, ni rahisi kuutumia, lakini risasi ni sumu, hasa kwa watoto wadogo na kwa mama mjamzito. Haingii kwa moshi katika kazi hii. Huingia kwa vidole vinavyokwenda kinywani. Kwa hiyo mtu asile wala asinywe mezani hapo, na baada ya kazi anawe mikono kwa sabuni. Moshi unaouona unatoka katika dawa iliyomo ndani ya uzi, nao huumiza mapafu. Fanyeni kazi karibu na dirisha. Upo pia uzi usio na risasi, unaoyeyuka karibu na digrii 217. Wenye watoto wadogo nyumbani na wautafute huo.

Batri za simu zilizovimba, zilizotobolewa au zilizopondwa msizitie katika sanduku hili, wala msizifungue. Zaweza kulipuka moto ambao maji ya kikombe hayauzimi.

Televisheni za zamani, na kila chombo kinacholiwa na umeme wa ukutani, visifunguliwe na mwanafunzi peke yake. Hata vikichomolewa, vipande vya akiba ndani yake vyaweza kushika zaidi ya volti 300 kwa muda. Kazi hiyo ni ya fundi aliyekomaa. Kuijua mipaka yako ni sehemu ya ufundi.

Fedha zitoke wapi?

Hatutaji bei, maana hubadilika toka mji hata mji. Lakini twaweza kutaja mpango. Mwezi wa kwanza tengenezeni sanduku tupu na droo zake. Mwezi wa pili nunueni multimita na koleo. Mwezi wa tatu batri, fyuzi na swichi. Bodi ya Arduino na paneli zije mwishoni. Haba na haba hujaza kibaba. Katika miezi ile ya kungoja kijana hakai bure: akusanye redio zilizokufa, kwa idhini ya wenyewe, ajifunze kutoa vipande vyake vizuri, kuvipima, na kuvipanga katika droo kwa majina. Atakuwa amepata vipande mia kabla hajanunua kimoja.

Wanafunzi wanne au watano waweza pia kuchanga na kuwa na sanduku moja, likahama nyumba hata nyumba. Ndiyo maana tulilitaka libebeke. Hapo lakini pawe na daftari moja ndani yake, ambamo kila mmoja huandika siku, kazi aliyofanya, alichopima na alichoharibu. Daftari hilo lina thamani kuliko bisibisi zote. Vyombo huisha, maandiko hubaki, na anayefuata huanza pale wa kwanza alipoishia.

Wengine wamekwisha kutangulia

Msidhani twawaambia ndoto. William Kamkwamba wa Malawi alitoka shuleni wakati wa njaa ya mwaka wa 2001, kwa kuwa wazazi wake walikosa ada. Alijisomea katika maktaba ndogo ya kijijini, na mwaka wa 2002, akiwa na miaka 14, akasimamisha mtambo wa upepo uliotengenezwa kwa miti na vipande vya baiskeli kuukuu. Ukawasha taa nyumbani kwao. Na hapa kwetu, mwaka wa 2013, wakazi wa Kinshasa waliona njia panda zao zikiongozwa na roboti za alumini zenye kula nguvu ya jua, kazi ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake. Basi, wazazi wapendwa, msiseme kwamba kazi hii ni ya watoto wa kiume tu. Binti naye apewe ufunguo wa sanduku.

Sisi hatusemi kwamba kila kijana atakuwa mhandisi. Lakini aliyefanya kazi mwaka mmoja juu ya kigae kile atakuwa amejifunza kupima kabla ya kukata, kuhesabu kabla ya kuunganisha, kuzima kabla ya kugusa, na kurudisha kila chombo mahali pake. Mtu wa namna hiyo hufaa katika kazi yoyote, na katika nyumba yoyote. Na siku atakapoishika simu iliyokufa, ataiona si kama takataka za kutupwa, bali kama shaba, bati, tantalamu na kobalti ya nchi yake, zilizorudi nyumbani zikimngoja mwenye maarifa ya kuzifungua.

Wazazi, jumamosi hii mtafuteni seremala. Nanyi vijana, anzeni kukusanya viberiti.